Hela huku, bili kule

SWALI: Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi ni dereva wa lori hapa Houston. Kila tukikaa kupumzika, wenzangu wanabishana. Mmoja anasema wanaovuka mpaka bila makaratasi wanaifilisi Texas. Mwingine anasema bila wao jimbo lingelala njaa. Wewe uliwahi kufanya kazi ya hesabu huku. Nani mkweli?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja ameshika risiti yake.

Nilikaa miaka mitano idara ya madeni katika hospitali moja kusini mwa jimbo hilo. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura zimpokee mgonjwa mahututi hata kama hana senti, wala uraia wake si hoja. Sheria ilitungwa Washington, deni likabaki mezani kwangu. Namkumbuka fundi wa mapaa asiye na makaratasi, aliyeanguka akavunjika nyonga. Kila mwanzo wa mwezi alikuja na bahasha ya kaki, ndani dola 40, noti zimekunjwa mara nne. Alidaiwa dola 31,000 naye ana miaka 41. Nikapiga hesabu: angemaliza akiwa na miaka 105! Nikazima kikokotoo.

Siku moja akanionyesha hati yake ya mshahara. Kakatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, kakatwa na hifadhi ya jamii, pensheni ambayo hataionja. Hela zote hizo zimekwenda Washington. Texas yenyewe haitozi kodi ya mapato. Inakukamata dukani, senti 6.25 kwa kila dola, na miji ikiongeza ya kwao inafika 8.25. Dukani hakuna anayeulizwa viza. Na kodi ya nyumba anayompa mwenye nyumba ndiyo inayomsaidia huyo kulipa kodi ya jengo, ambayo ndiyo inayobeba shule.

Kuhusu shule, wilaya ya shule za Tyler, mji wa huko huko Texas, iliwahi kudai dola 1,000 kwa kila mtoto asiye na makaratasi. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikalikataza jimbo kuwanyima watoto hao shule ya bure. Kesi ikaisha, gharama ikabaki.

Sasa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2006 Carole Keeton Strayhorn, mkaguzi mkuu wa fedha wa Texas wakati huo, alitoa ripoti juu ya watu wapatao milioni 1.4 wasio na vibali. Alikuta wameingizia jimbo dola bilioni 1.58 na wametumia huduma zake za bilioni 1.16. Jimbo likabaki na faida! Lakini serikali za mitaa zilibeba bilioni 1.44 za matibabu yasiyolipwa na gharama za polisi na jela. Takwimu hizo ni za zamani, najua, ila zinaonyesha mahali ugomvi ulipo: hela inaingia mfuko mmoja, bili inapelekwa mfuko mwingine.

Kaunti ya Brooks, kwa mfano, hata haipakani na Meksiko. Lakini karibu na mji wake wa Falfurrias kuna kizuizi cha askari wa mpakani, na watu hushuka garini wakakizunguka kwa miguu kwenye mchanga wa mashamba ya ng'ombe. Mwaka 2012 peke yake ziliokotwa maiti 129. Kaunti ya watu kama elfu saba hivi, na kila maiti inataka gari, uchunguzi na kaburi.

Halafu kuna gharama ambazo jimbo limejitwisha lenyewe. Operesheni Lone Star, iliyoanza Machi 2021, ilipeleka wanajeshi wa jimbo mpakani na kuweka uzio. Januari 2025 Gavana Greg Abbott aliliomba Bunge la Marekani limrudishie dola bilioni 11.1, akisema Texas ilifanya kazi ya serikali kuu. Hoja yake ina uzito wake, lakini mwenzako asiiweke bili hiyo kwenye kapu moja na ya hospitali. Hii ilipitishwa kwa kura Austin, makao makuu ya jimbo.

Yule fundi? Nilipoacha kazi bado alikuwa anadaiwa. Bahasha ya mwisho niliyoipokea ilikuwa na dola 45. Aliniambia tano ni za mwezi uliopita, alipungukiwa.