Utaacha lini kuendesha, baba?

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Mama yako hajambo, shangazi yako karudi Mkuranga, maji yanatoka kwa zamu kama ulivyoyaacha. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa nimeegesha pale Zakhem, halafu nikausikiliza tena nyumbani na mama yako. Umeuliza: "Baba, una miaka hamsini na saba, goti linakusumbua, utaacha lini kuendesha? Na kwa nini isiwe mwaka huu?" Ukaongeza kwamba utanitumia laki mbili kila mwezi nikikubali kupumzika. Kwenye simu ningekujibu "tutaona", nawe ungejua nimekukwepa. Ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka huu siachi kuendesha lori la soda. Nitaacha mwakani, Inshallah, michango yangu ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, ikishafika miezi 180. Lakini liko jambo moja ambalo likitokea kabla ya hapo naacha siku hiyohiyo, hata kama umebaki mwezi mmoja. Nitakueleza huko mbele ni lipi.

Nianze na hesabu, maana najua mumeo ataisoma hii barua na yeye ni mtu wa hesabu. Sheria inaruhusu mtu kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na 60 ndiyo lazima. Madereva wengi wakisikia hiyo 55 wanaona mambo yameisha. Pensheni ya kila mwezi haitazami umri peke yake, inataka na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Usipofikisha unalipwa mkupuo, hela yote kwa mara moja, unasaini, unakwenda zako, mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia. Mimi nimeshika usukani tangu hujazaliwa, lakini miaka yote ile ya mwanzo nilikuwa deiwaka. Mwenye gari akiumwa naitwa, akipona narudi kijiweni. Deiwaka hana mkataba, na asiye na mkataba hachangiwi. Ajira ya maandishi imenikuta na mvi. Kwa hiyo kazi ni ya miaka mingi, michango ni ya miaka michache.

Halafu lipo pengo. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi kabla ya hawa wa sasa alikuwa akitukata asilimia 10 ya mshahara, kwenye salari slipu inaonekana kabisa imekatwa, na asilimia 10 nyingine ilikuwa aongeze yeye. Nilipokwenda kuomba taarifa ya michango yangu, kuna miezi haimo. Wenzangu wakasema achana nayo, yule mtu kampuni alishaifunga. Siachani nayo. Hela ilitoka mfukoni kwangu, mwezi baada ya mwezi, na slipu ninazo. Miezi hiyo ikikubalika, siku ya kuacha inasogea karibu. Ikikataliwa, nitaendesha mpaka niifidie.

Kijiweni watu wanabishana kuhusu kikokotoo, ile hesabu ya kugawa mafao ya mstaafu, kuliko wanavyobishana Simba na Yanga. Ilikuwa hivyo mwaka 2018, kilipotangazwa kile cha kulipa asilimia 25 kwa mkupuo na kelele zikawa nyingi mpaka Rais Magufuli akakisimamisha mwezi wa Desemba. Ikawa hivyo tena 2022 kilipokuja cha asilimia 33. Mimi huwa nawaachia. Mkupuo ukiwa mnono ukiwa mwembamba, utakwisha: paa, madeni, harusi ya mdogo wako. Ninachokitaka mimi ni kile kidogo kitakachoingia kila mwezi mpaka siku nitakayozikwa, hata kikiwa cha unga, LUKU na dawa za presha za mama yako.

Sasa laki mbili zako. Nimezipokea kwa moyo, na mama yako alifuta machozi ingawa atakukatalia. Lakini mwanangu, laki mbili ya mwalimu inatoka wapi? Bodi ya Mikopo inakukata kabla hujauona mshahara, hapo kuna kodi ya nyumba, ada ya wajukuu zangu na mchango wa kila msiba wa huku nyumbani. Ungetuma Januari, ungetuma Februari. Machi ungenipigia, na kabla hujasema kitu ningejua kwa sauti. Mimi sitaki tufike mahali ambapo ukiona jina langu kwenye simu unafikiria kwanza kama upokee. Unitumie siku ukijisikia, sukari ya Ramadhani, kanzu ya Idi, hapo nitapokea na kuringa msikitini. Mshahara usinipe.

Goti ni kweli. Wakati ule wanajenga njia ya mwendokasi Barabara ya Kilwa, kutoka Mtoni kwa Azizi Ali mpaka Rangi Tatu mguu wa kushoto ulikuwa haubanduki kwenye klachi. Mchepuko huku, vumbi kule, trafiki kasimamisha upande wetu kwa muda ambao ungeweza kunywa chai ukamaliza. Fuso si gari dogo, klachi yake inataka mguu mzima. Hapo ndipo goti lilipoanza kuvimba jioni. Usidhani nilikaa kimya. Niliwaendea ofisini nikaomba nitolewe safari za Lindi na Mtwara nipewe ruti ya mjini: Mbagala, Charambe, Chamazi, Mbande. Mshahara haukuguswa, ila posho ya safari ndiyo imekwenda, na hilo mama yako analijua vizuri maana ndiyo iliyokuwa ikimlipia kikoba. Usiku pia siendeshi tena. Macho ya mchana ni mazima na miwani ninayo, lakini usiku bodaboda moja yenye taa kali isiyo na adabu inakuacha unaona weupe mtupu.

Na wewe unafikiri kazi yangu ni kuendesha. Kuendesha ndiko ninakopumzikia. Kazi ni dukani. Chukua lile duka la Mangi wa Charambe, lile la kona, ulilokuwa unatumwa mafuta ya taa. Uchochoro wenyewe mwembamba, kulia kuna mwavuli wa mama wa chapati, kushoto mtaro usio na mfuniko. Naingia kwa rivasi, maana nikiingia kwa mbele sitatoka. Kijana, utingo wangu, anashuka anasimama nyuma, anapiga bodi kwa kiganja: piga, piga, piga, kimya. Kimya ndiyo breki. Kreti zinashuka, tupu zinapanda. Mangi anazihesabu chupa tupu kwa kuzigusa midomo kwa kidole kimoja, kreti baada ya kreti, na kidole kikikwaruzwa anaitoa ile chupa anaiweka pembeni. Mdomo umemeguka, kiwandani hawaipokei. Hapo unaanza ubishi nani kaimegua, yeye au gari langu, na mimi ndiye hakimu, kwa sababu upungufu ukitokea yadi tunakatwa mimi na kijana, Mangi hakatwi. Siku hizi soda nyingi ni za chupa za plastiki, ubishi umepungua, lakini za kioo bado zipo na Mangi ni yuleyule.

Rivasi ile ndiyo inayonipima. Shingo haigeuki kama zamani, natumia vioo zaidi. Lakini gari linaingia, mwavuli wa yule mama haujaguswa.

Sasa lile jambo. Nilianza kazi hii kama utingo wa mzee mmoja aliyekuwa anapeleka vinywaji njia ya Segera, Korogwe mpaka Same. Dereva wa sifa yule, bahati mbaya hukumkuta. Njia ile ilikuwa na daraja la zamani la Wami, jembamba, gari moja tu, unashuka mteremko huku na anayetoka upande wa pili anashuka mteremko wake, na aliyechelewa kuona ndiye mwenye tabu. Siku moja nikamwambia, "Mzee, kuna basi ng'ambo." Akasema nimeliona. Safari iliyofuata nikamwambia tena. Baada ya muda nikawa naona mimi si utingo wa kushusha kreti tu, nimekuwa macho yake: mzee baiskeli kushoto, mzee mbuzi, mzee huyo anataka kuovateki. Naye anajibu "nimeona" kila mara, sauti ileile, wakati mguu wake ulikuwa bado kwenye mafuta. Hakuna aliyetufundisha kusema. Inatoka yenyewe, kwa woga, kwa sababu aliyekaa kiti cha kushoto anataka kufika kwake.

Yule mzee hakupata ajali, Mungu alimsitiri. Ila ofisi iliona kabla yeye hajakubali kuona. Asubuhi moja tumejipanga yadi kuchukua mizigo, msimamizi akamfuata akamwomba ufunguo mbele ya madereva wote na watingo wote, akampa kijana aliyekuwa nyuma yake. Mzee akabaki amekaa juu ya kreti, kofia mkononi, hajui aende wapi saa hiyo maana hakuwahi kuwa nyumbani saa hiyo. Nilikuwepo.

Kwa hiyo kipimo changu si leseni. Leseni siku hizi inatolewa kwa miaka mitano, unaweza kuzeeka ndani yake wala isikuambie. Wala si goti, goti linauma lakini linakanyaga. Kipimo ni huyu kijana aliye kushoto kwangu. Siku atakapoanza kunisomea barabara, narudisha ufunguo mimi mwenyewe, jioni, gari likiwa limeoshwa. Kijana sijamwambia. Nikimwambia atanyamaza kwa heshima, na kunyamaza kwake ndiko kutakakotuua sote. Mpaka leo njiani anachezea simu au anasinzia, tena anakoroma, na mimi kukoroma kwake nakufurahia.

Umeuliza pia nitafanya nini nikiacha. Hapo sina maneno mengi. Mikorosho ya baba huko Mkuranga imeachwa mpaka vichaka vimeifunika, inataka mtu wa kuipalilia na kuipulizia dawa, nitaanzia hapo. Nitakachokataa ni bajaji. Kila dereva anayestaafu ananunua bajaji au kigari cha abiria, kisa anajua magari. Kujua kuendesha na kujua kumiliki ni kazi mbili. Mwenzangu mmoja wa Temeke mkupuo wake wote uliingia kwenye daladala, akampa kijana, hesabu ikaja wiki mbili tatu, ikafuata gia boksi, ikafuata faini, ikafuata "mzee leo abiria hakuna". Gari sasa liko juu ya mawe nje ya nyumba yake na kuku wanataga ndani. Ukinisikia naitaja bajaji, panda treni ya SGR uje unizuie.

Ukija Idi, kuna kazi nakuachia. Slipu zote za yule tajiri wa zamani ziko kwenye begi la bluu juu ya kabati, chumba ulichokuwa unalala. Nyingine wino umeanza kufifia, kwa hiyo zipige picha zote kwa simu yako yenye kamera nzuri, uzipange kwa mwezi na mwaka, tuzitoe nakala pale Rangi Tatu. Jumatatu nitaomba ruhusa nusu siku twende wote NSSF. Uje na kitambulisho chako, na usije na mume, mtu wa hesabu atabishana na ofisa tukose huduma.

Baba yako,
Mbagala