Kazi Ipi Inaendana na Hulka Yangu? Tunajibu Maswali Yenu

Wengi mliotuandikia safari hii mmeambatanisha matokeo ya dodoso la haiba, mkaomba tuwatajie kazi. Hatuwezi kumtajia mtu kazi kwa herufi nne zilizotoka kwenye dodoso. Tunachoweza ni kuonyesha matokeo hayo yanasema nini, na hatua inayofuata ni ipi.

Nilifanya jaribio la Myers-Briggs mwezi uliopita, nikalirudia juzi. La kwanza limeniita mtu wa ndani (mkimya), la pili mtu wa nje (mchangamfu). Nifuate lipi?

Usifuate lolote. Jaribio hilo lilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, kutokana na mawazo ambayo mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, aliyachapisha mwaka 1921. Linamkata kila mtu pande mbili mara nne, kila mkato ukimpa herufi moja, ndipo zinapatikana aina 16. Tatizo liko kwenye mkato huo. Haiba ni kama kimo cha mtu: warefu sana ni wachache, wafupi sana ni wachache, na walio wengi wako katikati. Ukiwa karibu na mstari wa kati, kujibu maswali mawili kwa namna nyingine kwa sababu tu siku hiyo umechoka kunatosha kugeuza herufi.

Kwa kuchagua kazi, anza na kipimo cha mielekeo ya kazi. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alitoa nadharia yake mwaka 1959, yenye aina sita za watu na kazi: mtendaji wa kazi za mikono, mchunguzi, msanii, mhudumu wa watu, mshawishi na mratibu. Wizara ya Kazi ya Marekani, kupitia O*NET, mfumo wake wa taarifa za kazi, inatoa bure dodoso la maswali 60 lililojengwa juu ya aina hizo. Linakuuliza ungependa kiasi gani kutengeneza makabati ya jikoni, kujenga kwa matofali, au kuvumbua dawa mpya. Kosa linaloharibu matokeo ni kujibu huku unawaza mshahara au elimu inayohitajika. Jibu shughuli yenyewe tu. Hayo mengine yana wakati wake.

Dodoso la Holland limenipa msanii na mratibu, alama sawa. Nasikia aina hizo zinapingana. Nimejibu vibaya?

Si lazima. Holland alizipanga aina zake kwenye pembesita kwa mfuatano tulioutaja. Zinazopakana hufanana, zinazotazamana ndizo zilizo mbali zaidi, na ni kweli msanii anatazamana na mratibu.

Kagua kwanza majibu ya upande wa uratibu. Aliyetunza hesabu miaka minane huweka alama ya juu kwa mazoea, wala si kwa kupenda. Kama kweli unapenda vyote viwili, tafuta kazi ambamo ubunifu unaishi ndani ya kanuni kali: kupanga kurasa za vitabu, kuhariri miswada, kuchora ramani za majengo, kutunza makusanyo ya makumbusho. Mtu wa aina yako huumia zaidi anaporukia kazi ya ubunifu isiyo na mipaka, ambako agizo halieleweki na hakuna anayejua lini limekamilika.

Mimi ni mkimya. Nimepewa nafasi ya mauzo. Nikatae?

Ukimya peke yake si sababu ya kukataa. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Adam Grant alichapisha utafiti juu ya wauzaji 340 wanaouza kwa kupiga simu, na walioingiza fedha nyingi zaidi ni wale wa katikati, wasio wakimya sana wala wachangamfu sana. Mchangamfu kupindukia anaweza kuzungumza pale anapotakiwa kusikiliza.

Kabla ya kujibu barua yao, uliza mambo matatu. Nitakutana na wateja wangapi kwa siku? Ni walewale wa kudumu au wageni kila mara? Nitapata muda wa kujiandaa kabla ya kila mazungumzo? Wateja watano wa kudumu na maandalizi ya nusu saa kwa kila mmoja ni kazi ambayo mkimya huimudu vizuri. Simu 80 kwa watu asiowajua zitamchosha, hata akijifunza mbinu zote.

Nina miaka sita kwenye uhasibu. Kila dodoso linasema nahitaji kazi ya kuhudumia watu. Niache?

Usiache kabla hujajua hasa kinachokuchosha. Jina "mhasibu" limebeba shughuli nyingi, na huenda zinazokuumiza ni chache kati yake.

Chukua daftari uandike siku 10 za kazi mfululizo, bila kuchagua siku nzuri. Kila baada ya saa mbili andika shughuli uliyokuwa ukiifanya, ulikuwa na nani, na alama kuanzia -2 (imenimaliza) hadi +2 (imenipa nguvu). Andika papo hapo. Ukisubiri jioni, utakumbuka ugomvi wa mwisho wa siku na kuupaka kila saa rangi yake. Mwishoni utakuwa na mistari kama 40. Ipange kwa shughuli, halafu uipange tena kwa watu.

Kama alama za chini zinamfuata mtu mmoja, shida si haiba yako, na kubadili taaluma kungekuwa gharama ya bure. Tafuta kuhamia idara nyingine. Kama zinafuata kelele, zamu au haraka za mwisho wa mwezi, shida ni mazingira. Ila zikiwa kwenye shughuli zenyewe, na shughuli hizo zinakula zaidi ya nusu ya saa zako, dodoso limekuambia jambo la kweli.

Hata hapo kuna hatua ya kati. Mwaka 2001 watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walieleza jinsi wafanyakazi wanavyoiunda upya kazi yao wakiwa humohumo ndani. Mhasibu anayependa kusaidia watu anaweza kuomba kuwafundisha waajiriwa wapya, au kuwaelekeza wakuu wa idara kusoma bajeti zao. Ombi liwe na vipimo: saa nne kwa wiki, kwa miezi mitatu, na ueleze nani atashika unachokiacha. "Nataka kazi inayonifaa zaidi" ni ombi ambalo mkubwa wako hajui alifanyie nini.

Ukishindwa hapo, zungumza na watu watatu walio kwenye kazi unayoitamani. Usiwaulize kama wanaipenda. Waulize Jumanne iliyopita waliianza na nini, wakafuatia na nini, hadi kufunga. Kisha jitolee saa 20 au 30 za kazi hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha.

Alama zangu zote zimelingana, na zote ziko chini. Sifai popote?

Hapana. Mara nyingi maana yake ni kwamba hujaona kazi nyingi kwa karibu, ukajibu "sina uhakika" kila mahali. Jaribu kwanza shughuli tano ngeni, kisha urudie dodoso. Lakini kama hata vitu ulivyovipenda zamani havikuvutii tena, na hali hiyo imezidi wiki mbili, mwone daktari kabla ya mshauri wa kazi. Tafadhali usilipuuze hilo.

Mwanangu ana miaka 15, dodoso limesema uhandisi. Nimwelekeze huko?

Mzazi, mapema mno. Katika umri huo mielekeo bado inasogea, tena kipimo cha mielekeo hakipimi uwezo. Mwachie milango wazi: asiache hisabati, asiache lugha. Mpe kitu cha kuunda kwa mikono, kwa saa kama kumi. Usitazame furaha ya saa ya kwanza, kwani kila kitu kipya hufurahisha. Tazama kama anakirudia mwenyewe baada ya kukwama.

Mwajiri anataka nifanye jaribio la haiba kabla ya usaili. Nijibu wanavyotaka kusikia?

Jibu jinsi ulivyo ukiwa kazini. Uchambuzi wa watafiti Murray Barrick na Michael Mount wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba sifa ya bidii na umakini ilihusiana na utendaji katika makundi yote ya kazi waliyoyapima, kwa hiyo waajiri wengi huitafuta. Ukijipamba, hatari ni mbili. Majaribio mengi hurudia swali moja kwa maneno tofauti, na majibu yanayogongana huonekana. Ya pili ni nzito zaidi: unaweza kuipata kazi iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu ambaye si wewe. Waulize jaribio linapima nini, nani ataona matokeo, na yana uzito gani kulinganisha na usaili. Wakikubali, omba nakala yako.