Askofu akiwa na miaka 20?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katekista kijana hapa Malindi, jirani na kikanisa cha Wareno. Nimesikia Thomas Arundel wa Uingereza aliteuliwa askofu akiwa na miaka 20 hivi. Yawezekanaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Alizaliwa 1353, akateuliwa askofu wa Ely mwaka 1373, ilhali Mtaguso wa Tatu wa Laterano, 1179, ulishaagiza askofu awe ametimiza miaka 30. Kilichomfungulia mlango ni ukoo. Baba yake, Richard FitzAlan, bwana wa Arundel, alikuwa tajiri aliyemkopesha fedha hata Mfalme Edward wa Tatu.

Lakini ukoo huohuo nusura umwangamize. Mwaka 1396 alifika Canterbury, kiti kikuu cha Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata Mfalme Richard wa Pili alimkata kichwa kaka yake, naye akafukuzwa nchini. Papa wa Roma akamhamishia St Andrews, Uskoti, nchi iliyomtii papa mpinzani aliyekaa Avignon, kwani wakati huo Kanisa lilikuwa na mapapa wawili, basi kiti hicho hakukikalia kamwe. Mwaka 1399 alirudi pamoja na Henry Bolingbroke, binamu wa Richard aliyempindua, akamvika taji la ufalme.

Ujana wake naweza kuusamehe. Kinachoniuma ni amri zake za 1409, zilizokataza kutafsiri Biblia kwa Kiingereza bila idhini ya askofu. Wewe unayewasomea watoto Injili kwa Kiswahili, fikiria darasa lako lingekuwaje. Alifariki Februari 1414, angali askofu mkuu.