Mahindi ya Kitale hayatazoea joto la Voi

SWALI: Shemeji yangu wa Kitale alinipa paketi ya kilo 2 ya mbegu ya mahindi ya H614. Kwake hujaza ghala. Hapa Voi yalinipita urefu, yakatoa mbelewele, kisha yakakauka. Ukimenya hindi, kibogoyo. Muuza pembejeo ameniuzia mbolea ya majani, akanishauri nihifadhi zile punje chache nizipande tena, eti zitazoea joto. Nifuate?

JIBU: Usifuate. Punje hizo saga, au wape kuku.

Hili la "zitazoea" nalisikia kila msimu na linanipandisha presha. H614 ni ya ukoo wa H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964: upande mmoja mahindi ya Kitale, upande wa pili Ecuador 573, mbegu ya milimani huko Ecuador. Kwa mama baridi, kwa baba baridi. Inataka mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari kwenda juu, na miezi sita au zaidi shambani. Voi haifiki mita 700, na vuli ikishaaga Desemba imeaga. Mbelewele zako zilimwaga chavua ndevu zikiwa bado zimejificha kwa kiu. Zilipochomoza, chavua imekwisha, na bila chavua hakuna punje. Mbolea ya majani ingesaidia nini hapo?

Na hizo punje chache, baba yao ni nani? Chavua ya mahindi husafiri na upepo, kwa hiyo huenda ni mahindi ya jirani. Hata kama si ya jirani, chotara kama H614, yaani mbegu ya kuchanganya koo tofauti, ikipandwa mara ya pili huvunjika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, wa tatu hana hindi kabisa. Kuzoesha mbegu ni kazi ya kuchagua mimea kwa vizazi vingi, na huanza na mimea iliyozaa. Yako haikuzaa.

Vuli ijayo panda DH04, mahindi chotara ya maeneo makavu, inawahi kukomaa. Ukipenda kuhifadhi mbegu, chukua mahindi ya Katumani, ambayo si chotara. Chagua mahindi ya katikati ya shamba, mbali na ya jirani. Pale ambapo mvua hukimbia kila mwaka, mtama hauna aibu.

Wauzaji wa namna hii wanajua mkulima anasoma jina, hasomi mwinuko ulioandikwa nyuma ya paketi. Wengine hupaka rangi nafaka ya sokoni wakaiita mbegu. Kabla ya kulipa, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, tuma namba zake kwa SMS kwenda 1393, usubiri jibu ukiwa hapo hapo kaunta. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwachie paketi yake.