Maswali ya Gofu: Mapigo 15 Ni Mengi Mno?

Mashindano ya mtoano yameanza katika vilabu vya Nairobi, na simu yangu imejaa. Maswali ni ya handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili apambane sawa na hodari. Wachache wanauliza swali. Wengi wametolewa raundi ya kwanza na wanataka mtu wa kuwaambia kwamba walionewa.

*"Nacheza handikapu 9. Jumamosi nilimpa mzee mmoja mapigo 15, akanipiga 4 na 3, yaani mashimo 4 mbele yakiwa yamebaki 3. Shimo la 6 nilimaliza kwa 4, yeye kwa 5, na kwa pigo lake la bure bado tukagawana. Nasikia zamani ulikuwa unampa mwenzako robo tatu tu ya tofauti ya handikapu zenu. Kwa nini wasirudishe utaratibu huo?"*
— Mwenye Tisa, Lang'ata

Pole. Kwanza tuikague hesabu, maana wengi hulalamika kabla ya kuhesabu. Umeniandikia indeksi yako, ile namba ya kiwango chako kabla ya kurekebishwa kwa uwanja, ni 8.4 na ya mzee 21.7. Tii mlizotumia, yaani pale mnapoanzia mashimo, zina slopu (jinsi uwanja unavyomtesa mchezaji wa kawaida kuliko hodari) 128, kadirio la uwanja (mapigo ya hodari asiye na handikapu) 71.6 na pari (mapigo yaliyowekwa kwa uwanja) 72. Zidisha indeksi kwa 128, gawa kwa 113, ambayo ndiyo slopu ya uwanja wa kawaida, kisha ongeza tofauti ya kadirio na pari, ambayo kwenu ni kutoa 0.4. Wewe unatoka na 9.1, mzee na 24.2. Yaani 9 kwa 24, tofauti 15. Katika mchezo wa shimo kwa shimo, mtu kwa mtu, anapewa zote, asilimia 100. Hakuiba kitu.

Ni kweli Uingereza waliwahi kutumia robo tatu. Kwa robo tatu mzee angepata 11, na mashimo yenye indeksi 12 hadi 15 angecheza bila msaada (indeksi ya shimo ni kitu kingine: zamu ya shimo hilo kupewa pigo). Lakini tazama handikapu inapima nini. Wengi hudhani ni wastani wa mchezo wa mtu. Siyo. Mfumo wa dunia ulioanza 2020 unachukua raundi zako 20 za mwisho, unachambua 8 zilizo bora, na wastani wa hizo 8 ndiyo indeksi. Kwa hiyo siku ya kawaida kila mmoja wetu hucheza vibaya kuliko handikapu yake. Swali ni kwa kiasi gani.

Wewe wa 9 siku yako mbaya haiko mbali na siku yako njema. Kadi za mzee zimetawanyika kama maharagwe yaliyomwagika jikoni: leo 89, kesho 108. Zile 8 bora zinamwonyesha akiwa moto, lakini siku nyingi hayuko moto. Ndiyo maana hata kwa asilimia 100, mkiwekwa uwanjani mara nyingi, wewe mtulivu ndiye utakayeshinda mara nyingi zaidi kidogo. Ukirudisha robo tatu unaongeza faida ambayo tayari unayo.

Najua utaniuliza mbona basi kwenye medali ya mmoja mmoja, ambapo mapigo ya raundi nzima yanajumlishwa, tunakatwa hadi asilimia 95. Hapo fikiria stejini saa kumi na moja jioni. Ukiambiwa zitapita matatu mia, una hakika moja itakuja na viti vitupu. Ukiambiwa itapita moja tu, usitegemee. Katika medali ya watu mia, kati ya wazee wote wa 24 lazima mmoja atakuwa na siku ya maajabu, na huyo ndiye anayeondoka na kikombe. Wewe Jumamosi ulikutana na mmoja tu. Bahati mbaya ilikuwa siku yake.

Mimi nimepitia. Nikicheza 11, nilimpa jamaa wa 25 mapigo 14. Shimo la 14 tuko sawa, ana pigo. Mpira wake wa pili umezama kwenye nyasi za kikuyu hata kiatu kilikuwa kinapotea. Wa tatu ukatoka yadi kumi. Wa nne grini, kwenye nyasi fupi zenye shimo, wa tano karibu na shimo, wa sita ndani. Mimi niko futi nne nikiwa nimepiga nne, nikiingiza nina tano, sita yake inahesabiwa tano, tunagawana. Kedi wangu, mbeba mfuko, alishika bendera, akatazama kadi, akasema taratibu, "Ana moja hapa, mzee." Nilijua. Lakini kule kuambiwa ndiko kulikotetemesha mikono, nikapiga kushoto, nikaliacha shimo. Usiku nilimlaumu mtunga asilimia. Asilimia haikugusa ile putt, lile pigo fupi la kuingiza.

*"Tukicheza wawili kwa wawili, mpira bora, karani anatukata hadi asilimia 90. Mbona mtu kwa mtu hatukatwi?"*
— Wanne wa Alfajiri, Thika Road

Kwa sababu mwenzako anakufunika. Mtu wa 27 akicheza peke yake, shimo la kupiga tisa ni shimo limekwenda. Akiwa na mwenzake, ile tisa haionekani popote, mwenzake ana tano. Inayoonekana ni pari yake moja yenye mapigo mawili juu. Jozi ya wachezaji wa kupanda na kushuka ina raha kuliko jozi ya watulivu, na ile kumi kwa mia inarudisha usawa.

Mnavyohesabu: handikapu za uwanja 6, 11, 18 na 27. Kata hadi asilimia 90, mnapata 5, 10, 16 na 24. Wa chini anakuwa sufuri, waliobaki wanapata 5, 11 na 19. Huyo wa 19 ana mapigo mawili kwenye shimo la indeksi 1, msibishane naye. Na mkicheza mpira mmoja kwa zamu, jumlisheni kila jozi na mchukue nusu ya tofauti. Wa 6 na wa 18 ni 24, wa 11 na wa 27 ni 38, tofauti 14, wanapewa 7.

*"Shimo letu la 9 ndilo gumu kuliko yote, kila mtu anajua. Kwenye kadi ni indeksi 5. Nani aliamua?"*
— Mwenye Hasira, South C

Kamati yenu, na huenda iliamua vizuri. Namba zile hazipangi ugumu peke yake. Kazi yake ni kusambaza mapigo. Kwa kawaida mashimo tisa ya mbele hupewa namba witiri na tisa ya nyuma namba shufwa, au kinyume chake, ili anayepewa mapigo manne asiyapate yote upande mmoja. Namba za chini hazibananishwi kwenye mashimo yanayofuatana, na ikiwezekana ile ndogo kuliko zote huwekwa katikati ya kila tisa. Ingekuwa indeksi 1 iko shimo la 18, mtu aliyepewa pigo moja angeweza kufungwa 3 na 2 na hajawahi kulitumia.

Halafu gumu kwa nani? Pari 3 yenye maji mbele inawatesa wa 5 na wa 25 sawasawa. Pigo linafaa zaidi pale wa 25 anapohitaji mpira mmoja zaidi kufika.

*"Mume wangu ana indeksi 14.0, mimi 20.0. Yeye tii nyeupe, mimi nyekundu. Anasema anipe mapigo 6 tu kwa vile tayari nimeanzia mbele. Atakayeshindwa ananunua nyama choma, kwa hiyo jibu lako lina uzito."*
— Mama wa Tii Nyekundu, Kiambu Road

Agiza nyama, mama. Kwenye picha ya kadi uliyonitumia, nyeupe kwa wanaume ni 71.6 kwa slopu 128, nyekundu kwa wanawake ni 72.9 kwa slopu 130, pari 72 zote mbili. Yeye anapata 15. Wewe 20 mara 130, gawa kwa 113, ongeza 0.9, unapata 24. Anakupa 9. Zile tii za mbele zilipimwa kwa ajili ya mwanamke anayezichezea, kwa hiyo ufupi wake umeshahesabiwa mara moja. Bwana anataka kuuhesabu mara ya pili. Mwambie shemeji yake amesema hivyo.

*"Kwetu kuna jambazi. Kadi inasema 20, uwanjani ni 13. Kila mwaka anafika nusu fainali. Tumependekeza kamati ipunguze asilimia ya mchezo wa shimo kwa shimo hadi 80. Unaunga mkono?"*
— Katibu wa Jumamosi, Ngong Road

Siungi. Ukikata asilimia 20, jambazi wa 20 anakuwa 16 na bado ana mapigo matatu ya wizi mfukoni. Mwalimu mstaafu wa 20 halali naye anakuwa 16, na huyo hatashinda tena mpaka azeeke. Mmewaadhibu waaminifu wote ili kumkwaruza mmoja.

Tafuteni kadi zake. Jambazi hatengenezwi na fomula, anatengenezwa na kadi zinazobaki ndani ya gari. Anacheza mara tatu kwa wiki, anapeleka moja, ile mbaya. Au anafika shimo la 17 akiwa vizuri mno, ghafla putt ya futi mbili inamshinda, mara mbili. Kedi wote wanajua. Hakuna siri ya handikapu iliyowahi kuwashinda kedi wa Nairobi, ila hakuna anayewauliza, na wao hawawezi kusema, maana kesho wanabeba mfuko wa mtu huyohuyo.

Mfumo wenyewe una meno. Indeksi ikipanda zaidi ya 3 juu ya ile ya chini kabisa ya miezi 12, kinachozidi kinakatwa nusu, na haiwezi kupanda zaidi ya 5. Akipeleka raundi iliyo bora kuliko indeksi yake kwa 7 au zaidi anapunguziwa 1, kwa 10 au zaidi anapunguziwa 2. Na kamati ya handikapu ina mamlaka ya kuishusha kwa mkono ikiwa na ushahidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokaa kabatini, kwa sababu jambazi huwa ni rafiki wa mtu, au ndiye aliyefadhili chakula cha jioni.

Mimi ningeweka sharti moja kwenye fomu ya kujiandikisha: bila kadi kadhaa za miezi ya karibuni, huchezi. Hapo mtaona nani ataanza kuugua mgongo.

Msisahau ndugu yake jambazi, mwenye handikapu ya majivuno. Ni 14, amejiandikisha 9 kwa kupenda kusema "mimi nacheza single", yaani chini ya 10. Huyo anajiibia mwenyewe, mpaka siku utakapopangwa naye kama mwenzako.

*"Mpinzani aliniambia ana 16. Shimo la 12 tukagundua ni 14, na alikuwa ameshatumia mapigo ya ziada. Je?"*
— Bila jina, Embakasi

Ameondolewa mashindanoni. Kanuni ya 3.2 haina huruma kwa anayetaja handikapu ya juu kuliko yake, kama imebadilisha idadi ya mapigo. Angetaja ya chini angecheza kwa hiyo ya chini tu. Lakini kama handikapu zilitajwa sawa na mlisahau tu pigo kwenye shimo fulani, matokeo mliyokubaliana yanasimama mara mmoja wenu anapopiga kuanza shimo linalofuata.

*"Natoka Mombasa, handikapu 15. Huku Nairobi kila chuma kinapita grini. Nastahili mapigo zaidi?"*
— Mgeni, Westlands

Hapana. Mpira unaruka mbali kwa sababu ya mwinuko, uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na waliopima uwanja walishauzingatia mwinuko huo. Chukua chuma 8, kinachopiga karibu zaidi, pale ulipozoea 7, na uvae sweta. Saa moja asubuhi kwenye tii ya kwanza huku si Nyali.