Swali la Lugha: "Wiski ya moshi" na makosa mengine manne ya kadi moja

Swali: Ninafundisha wahudumu wa baa katika hoteli moja hapa Entebbe. Wageni wengi siku hizi wanatoka Tanzania, Kenya na Kongo, kwa hiyo tumeanza kuandika kadi za vinywaji kwa Kiswahili. Kadi ya Bowmore, wiski ya Uskoti, ya miaka 15 tuliiandika hivi: "Wiski ya moshi ya kimea kimoja, inayonuka vizuri, iliyomalizwa na sheri, yenye mwisho mrefu." Mgeni kutoka Mwanza akauliza kama ni gongo. Mwingine akataka kujua sheri, ile divai ya Uhispania, iliyochanganywa humo ni kiasi gani. Tumekosea wapi?

Jibu: Mmekosea mahali patano, na chanzo kikubwa ni kimoja. Maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye chupa mmeyahamisha moja moja, kabla ya kuuliza kiwandani kulifanyika nini. Kiingereza hukubali kuficha neno lipi linaeleza lipi. Kiswahili hakikubali, kwa sababu ngeli hudai jibu papo hapo.

Nianze na kimea. Neno lenyewe ni sahihi, msilitupe. Aliyeona malwa au kwete, pombe zetu za kienyeji, ikitengenezwa anajua kimea ni nini: nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa, ikasagwa. Kwa malwa nafaka hiyo ni wimbi. Kwa wiski ya Uskoti ni shayiri. Kosa ni "kimoja". Chupa imeandikwa "single malt", nanyi mkahesabu kimea. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinahesabu kiwanda: wiski hiyo lazima ikenekwe katika kiwanda kimoja, kwa maji na kimea cha shayiri peke yake. Chupa moja yaweza kuwa na wiski ya mapipa mengi, ya umri tofauti, mradi yote yametoka kiwanda hicho. Hata 15 ya kwenye chupa ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo.

Andikeni "wiski ya kimea ya kiwanda kimoja". Tazameni "ya" ya pili: inarudi kwenye wiski. Mkiteleza mkaandika "wiski ya kimea cha kiwanda kimoja", silabi hiyo moja imebadili habari nzima, maana sasa mnasema kimea kilitengenezwa na kiwanda kimoja, jambo ambalo kwa kawaida si kweli. Viwanda vingi vya Uskoti hununua kimea kwa watengenezaji wa kimea. Bowmore yenyewe bado hutandaza shayiri sakafuni ikachipua, lakini hiyo ni sehemu tu ya mahitaji yake.

Sasa "wiski ya moshi". Mgeni wa Mwanza hakuwa na utani. Tanzania, "pombe ya moshi" ni jina la pombe kali ya kukeneka kienyeji, ile ile iitwayo gongo, na ipo sheria ya mwaka 1966 ambayo jina lake lenyewe lina neno Moshi kwa maana hiyo. Alichosoma yeye ni sawa na Mganda kukuta kadi imeandikwa "wiski ya enguli", yaani gongo ya kwetu Uganda. Kiunganishi "ya" hutaja aina au asili ya kitu, kama katika nyama ya mbuzi au unga wa muhogo. Harufu inataka kitenzi.

Kitenzi chenyewe nacho kina mtego wake. Katika Kiswahili sanifu, -nuka bila nyongeza ni kutoa harufu mbaya. Mtu akisema "samaki huyu ananuka", usimle. Harufu nzuri ni -nukia: pilau inanukia, chai inanukia iliki. Kitendo cha kuvuta harufu puani ni -nusa. Vitenzi hivi ni vya ukoo mmoja, na manukato ni ndugu yao. Msemaji wa Luganda hukosea hapa kwa sababu inayoeleweka: -wunya yake hubeba yote mawili, kisha bulungi au bubi huamua. Ndiyo maana mkaandika "inayonuka vizuri", na msomaji wa pwani akaona maneno mawili yanagombana. Semeni "inanukia moshi".

Moshi huo umetoka wapi? Hapa ndipo penye utamu wa swali lenu. Kisiwani Islay, ambako ndiko kiwanda cha Bowmore kilipo, kimea kibichi hukaushwa juu ya moto wa mboji ya kinamasi, yaani majani na mizizi iliyolala majini kwa maelfu ya miaka ikawa udongo mweusi unaowaka. Msiite makaa, maana makaa ni ya mti au ya mgodini. Majirani zetu wa Rwanda huchoma mboji ya aina hiyo kuzalisha umeme, na mabwawa ya mafunjo ya Kigezi yanayo pia, kwa hiyo si kitu cha kigeni kwetu.

Kitenzi cha kazi hiyo tunacho tayari: -fukiza. Pwani hufukiza nguo kwa udi. Ankole hufukiza ebyanzi, vile vyombo vya maziwa, kwa moshi wa nyasi za emburara, na maziwa yakikaa humo hupata utamu wa moshi ambao aliyekulia huko anautambua kabla chombo hakijafika mdomoni. Mgeni wa Mbarara akikuuliza wiski hii ikoje, mtajie ekyanzi. Atakuelewa upesi kuliko ukimtajia lami au iodini, ingawa harufu hizo nazo zimo katika wiski nyingine za Islay.

Basi: "wiski ya kimea kilichofukizwa kwa moshi wa mboji". Safari hii ki- ni sahihi, kwa kuwa kilichofukizwa ni kimea. "Wiski iliyofukizwa" ni kosa, kwani moshi huingia kwenye nafaka, muda mrefu kabla ya kukeneka. Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo cha fenoli, yaani kemikali za harufu ya moshi, ambacho wapenzi wa wiski hukitaja kwa fahari hupimwa kwenye kimea. Sehemu kubwa hupotea njiani, kwa hiyo mhudumu asiahidi ukali wa moshi kwa kusoma namba hiyo.

"Iliyomalizwa na sheri" ndiyo kosa zito kuliko yote. "Na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda: wali umemalizwa na watoto, maana yake watoto wameula wote. Msomaji asiyefika huko atadhani sheri imetiwa ndani, kama yule mgeni wa pili. Haikutiwa. Kanuni za Uskoti haziruhusu kuongezwa chochote ila maji na rangi ya karameli isiyo na ladha. Bowmore ya miaka 15 hukaa miaka 12 katika mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya Marekani, kisha huhamishiwa kwa miaka 3 katika mapipa yaliyokuwa na sheri aina ya Oloroso, divai iliyoongezwa nguvu kutoka Jerez, Uhispania. Mti wa pipa umeinywa divai ile, sasa unaitoa kidogo kidogo.

Wako wanaoandika "iliyomaliziwa katika mapipa ya sheri". Hilo halina kosa la sarufi. Mimi ninapendelea "iliyokolezwa katika mapipa ya sheri". Rangi hukolea, chumvi hukolea, hadithi hukolea. Kukoleza ni kukifikisha kitu pale ambapo ladha yake imeshika barabara, na ndiyo kazi hasa ya pipa la pili. Tahadhari moja ya matamshi: sheri ikiponyoka ulimi ikawa shari, umemkaribisha mgeni kwenye ugomvi.

"Mwisho mrefu" hauna maana kinywani. Kiingereza hutumia finish kwa pipa la mwisho na pia kwa ladha inayobaki baada ya kumeza. Kiswahili kiyatenge mambo hayo mawili. Semeni "ladha yake hudumu kinywani".

Mhudumu atahitaji pia maneno ya kumwongoza mgeni anapoonja, na maneno hayo yafuate mkono. Mimina toti moja ya mililita 25 katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi pana juu huitawanya harufu. Usitie barafu, kwa kuwa baridi huifunga harufu, na wiski nyingi ambazo hazikuchujwa kwa baridi hufanya ukungu. Mwambie mgeni anuse mdomo ukiwa wazi kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo wa glasi. Akiizamisha pua ndani, pombe itamchoma na kwa dakika kadhaa hatanusa chochote. Kisha anywe kidogo, asukutue taratibu mpaka ulimi wote ulowe, ndipo ameze. Kusukutua ni neno la kila siku la kusafisha kinywa, na hapa ndilo hasa linalotakiwa.

Halafu maji. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, katika toti ya asilimia 43 huishusha hadi karibu asilimia 36. Anzeni na nusu kijiko. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa guayakoli, mojawapo ya kemikali za harufu ya moshi, hukaa zaidi usoni pa kinywaji pombe inapopunguzwa. Kwa hiyo "maji huifungua harufu" si maneno matupu. Mgeni akiwa ataonja aina kadhaa, yenye moshi iwe ya mwisho, la sivyo itazifunika nyingine.

Kwa ladha, msitosheke na "tamu" na "kali". Pombe huchoma, pilipili huwasha, kahawa ni chungu, togwa iliyokaa ni chachu. Ule ukavu unaokunja ulimi, kama wa ndizi mbichi, ni ukakasi, na mapipa ya sheri huuleta. Oloroso huleta zabibu kavu, tini na njugu; sheri ya Pedro Ximénez hukaribia asali ya tende au sukari guru. Na lipo neno ambalo Kiswahili kimebahatika nalo: kiberiti. Mapipa ya divai wakati mwingine husafishwa kwa kuchoma salfa, na salfa ikibaki, wiski hunuka njiti ya moto iliyozimwa. Kiberiti kwetu ni njiti na ni salfa yenyewe, kama katika "moto na kiberiti" wa Biblia. Hapo, na hapo tu, -nuka inafaa. Moshi wa mboji hunukia, kiberiti hunuka. Mhudumu anayetenganisha hivyo viwili ataweza kumweleza mgeni kwamba kasoro imetoka kwenye pipa, wala si kwenye moshi.

Kadi yenu basi iwe hivi:

"Bowmore ya miaka 15. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, kutoka kisiwa cha Islay, Uskoti. Kimea chake kimefukizwa kwa moshi wa mboji. Imekaa miaka 12 katika mapipa ya bourbon, ikakolezwa miaka 3 katika mapipa ya sheri. Inanukia moshi na zabibu kavu. Ladha yake hudumu kinywani. Asilimia 43."

Jina la chapa libaki kama lilivyo kwenye chupa. Neno wiski liandikwe hivyo hivyo, iwe ya Uskoti au ya Ireland, ingawa Waingereza huzitofautisha kwa herufi moja. Ngeli yake ni I-ZI, kama toti: wiski hii, wiski hizi, toti mbili za wiski.