"Mwembamba" na "amekonda" ni kitu kimoja?
Hapana, ndugu, si kitu kimoja. "Mwembamba" ni umbile tu. Mtu anaweza kuzaliwa hivyo na akazeeka hivyo. "Amekonda" kuna safari ndani yake: alikuwa na mwili, sasa umepungua, ndiyo maana anayeambiwa hivyo huanza kujieleza kama anaumwa au ana mawazo. Ukitaka kutia chumvi kuna "kimbaumbau", lakini hilo ni la utani, usimwambie mtu usiyemzoea.

Halafu -embamba haliishii kwa watu: uzi mwembamba, njia nyembamba, hata sauti nyembamba. Ila uji hauwi mwembamba, huwa mwepesi. Kinyume nacho hubadilika: mtu mnene, lakini njia pana.